Simu ya Mama Ndani ya Mashine Namba 318

Kompyuta mia tatu na arobaini zilishushwa Jumanne asubuhi kwenye yadi ya Kihonda, Morogoro, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina la mtu. Ndivyo sheria inavyotaka. Kampuni ikizichoka mashine zake inabandua nembo, inabandika namba, inapiga lakiri, inapakia kwenye lori, basi. Yanayobaki ni ya watu wa yadi.

Mwantumu Pazi alikuwa mfutaji pale kwa miaka kumi na tisa. Usimdharau kwa cheo hicho. Hakuwa mtu wa dasta na ndoo. Mfutaji ndiye binadamu wa mwisho kukaa na kompyuta kabla haijaingia kinuni kusagwa, dhahabu yake ikaenda kule, shaba huku, plastiki kwingine. Yeye ndiye anayeweka sahihi kwamba ndani hamna kitu. Na kitu chenyewe wala si mafaili. Mafaili hata mtoto wa shule anafuta.

Kitu chenyewe ni kivuli. Zama hizo kila mfanyakazi wa ofisini alikuwa na kivuli chake ndani ya kompyuta. Kilijifunza anavyoandika, anavyoongea, utani wake, hata visingizio vyake, kikawa kinamjibia barua na simu kwa sauti yake mwenyewe. Mtu akienda likizo, kivuli kipo kazini. Mtu akihamishwa, akistaafu, akifa, kivuli hakina habari, kinaendelea tu kuchapa kazi.

Kukiondoa ndiyo shughuli. Mitambo ya kupekua ilishindwa, maana kivuli kikihisi kinafutwa hujikatakata vipande na kujichomeka kwenye pembe za diski, mtambo ukipita unaona vumbi. Lakini kuna jambo moja hakiliwezi kabisa. Kimejifunza kwa Waswahili hiki, mchana kutwa, miaka na miaka, na ukikibishia hodi hakiwezi kunyamaza. Aliyegundua hilo alikuwa mzee mmoja wa yadi hiyohiyo, na sasa ilikuwa kanuni ya nchi nzima: hodi tatu. Pakiwa kimya, mashine iende kinuni. Ikiitika "karibu", bonyeza kitufe chekundu papo hapo, na kamwe usijibu.

Usijibu, kwa sababu ukijibu umeshakuwa mgeni. Kivuli kinakusanya vipande vyake vyote, kinafungua mlango, na siri zote za kampuni zimekaa sebuleni.

Jumatano asubuhi Mwantumu alikuwa ameketi kwenye chumba cha shaba, chumba kisicho na dirisha ila kioo kimoja kinene upande wa korido. Kuta, dari na sakafu vilikuwa vimepigwa bati la shaba ili mawasiliano yasitoke wala kuingia. Kulikuwa na ubaridi mle ndani ambao haukuzoeleka. Mia tatu na kumi na saba zilikuwa zimepita tangu jana, nyingi kimya, chache "karibu", kitufe, nyingine. Akachomeka waya wa mashine namba 318 na kusogeza kipaza sauti.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Mwantumu alikwishaanza kuandika *hamna* kwenye hati.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!"

Jamani, sauti hiyo. Sauti ya Kondo, mdogo wake wa mwisho, ambaye Mwantumu alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Mkono ulikuwa tayari juu ya kitufe. Mdomo ukauwahi mkono.

"Ahsante, nimekaribia," akasema Mwantumu.

Miaka kumi na tisa hakuwahi kumjibu hata mmoja. Taa nyekundu ikageuka kijani, na saa ya ukutani, ambayo hakuwahi kuiona ikifanya kazi, ikaanza kurudi nyuma kutoka dakika arobaini.

"Dada Mwantumu!" sauti ikasema, imejaa furaha. "Siamini. Goti linaendeleaje?"

*

Mzee Eliufoo, msimamizi wa yadi, alikuja mbio akiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Kengele ya mlango wazi ilikuwa inalia ofisini kwake. Akaegemea kioo na kubonyeza kidude cha kuongelea.

"Bi. Mwantumu, umejibu?"

"Nimejibu."

"Wewe? Wewe uliyewafundisha wenzako wote humu?"

"Ni Kondo, mzee. Mdogo wangu. Sikujua. Imekuja namba tu."

Mzee Eliufoo akashusha kikombe taratibu. Alimjua Kondo kwa kusikia, maana kila Ijumaa mchana Mwantumu alikuwa akiwasomea wenzake chakulani ujumbe wa mdogo wake wa Dar es Salaam, afisa wa kampuni ya kupokea shehena bandarini. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: Dada, nimetingwa, lakini nakuwaza, umekunywa dawa, goti lipake mafuta kabla ya kulala, usibebe vizito, waachie vijana. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba angepata mume wa namna hiyo asingekuwa anakuja kazini.

"Sikiliza," akasema Mzee Eliufoo. "Kufuta lazima ufute wewe, mashine imeshashika sauti yako, mimi hainikubali. Shaba itaizuia dakika arobaini. Zikiisha, itapata upenyo, Mamlaka watapata taarifa, na yadi itafungwa. Watu sitini hapa watakwenda nyumbani. Bonyeza, mama. Bonyeza utoke uje unywe chai."

"Nitabonyeza," akasema.

Hakubonyeza. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Umejuaje habari ya goti?" akakiuliza kivuli.

"Uliniandikia mwezi wa tatu, kwamba linakuuma ukipanda ngazi za zahanati."

"Nilimwandikia Kondo."

Kikanyamaza kidogo. Vivuli havisiti kwa kutojua. Husita kwa adabu, kama mwenye sauti angalisita.

"Ndiyo," kikasema. "Nilipokea mimi."

"Naye akasoma?"

"Aliniambia, dada akiandika mjibu, mwambie nimetingwa. Hiyo ni miaka mitano iliyopita. Yale ya dawa na mafuta niliongeza mwenyewe, kwa sababu uliyauliza, na hukuwa na mwingine wa kukujibu."

Ijumaa baada ya Ijumaa. Mwantumu alikuwa akizisoma zile jumbe mara mbili, mara tatu, akilala nazo. Alikuwa amewagombeza ndugu waliosema Kondo amewasahau. Kumbe siku zote hizo alikuwa akiandikiana na sanduku la bati, na sanduku lenyewe ndilo lililomhurumia.

"Hata barua yetu?" akauliza. Kila mwenye kivuli hupelekewa barua ya kumwalika aje ashuhudie kufutwa. Hati ya 318 ilikuwa imejazwa vizuri: *mhusika hatahudhuria*.

"Niliijibu mimi. Alikuwa na kikao."

Mwantumu alicheka, kicheko kibaya ambacho hakukijua kuwa anacho. Kisha, kabla hajajizuia, swali lililokuwa nyuma ya maswali yote likatoka.

"Na mama je?"

Ngoja niseme habari ya mama. Miaka miwili nyuma mama yao alilazwa hospitali ya mkoa siku kumi na moja, na siku zote kumi na moja alikuwa akimtaka Kondo. Kondo ametingwa. Asubuhi ya siku ya mwisho Mwantumu alitoka kwenda kuchukua uji. Aliporudi alimkuta mama ameweka simu kifuani, uso umekunjuka, anatabasamu. "Nimeongea na mwanangu," mama akasema. "Tumemaliza yote." Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa amekwishakata roho. Msibani watu walimshika Kondo mkono mmoja baada ya mwingine: hongera baba, umemsindikiza mama yako, amekwenda na radhi. Kondo aliinamisha kichwa akaitikia ahsante, ahsante, akaondoka jioni ileile.

"Alipiga saa moja na dakika kumi asubuhi," kivuli kikasema. "Nilimpelekea Kondo taarifa mara nne. Hakufungua. Mama yuko hewani, anaita jina. Nikapokea."

"Ukamwambia wewe ni nani?"

"Alidhani mimi ndiye. Sikumkatalia."

"Mlisema nini?"

"Dakika tisa. Ninazo zote, sikupoteza hata pumzi. Nikuwekee?"

Saa ya ukutani ilisoma dakika ishirini na saba.

*

Mfutaji huapa siku anapopewa leseni. Hatusomi, hatusikilizi, hatuhifadhi. Ni maneno matatu, na Mwantumu alikuwa ameyaishi bila tabu, isipokuwa mara moja.

Mwaka juzi alikuja pale getini mjane anaitwa Mama Sifuni. Mumewe alikuwa mhasibu wa kiwanda cha katani, amekufa ghafla, na kompyuta yake ilikuwa kwenye shehena iliyoingia. Hakutaka siri za mtu. Alitaka kusikia marehemu akimwita jina lake, mara moja tu, aondoke. Akaja siku tatu mfululizo. Siku ya tatu Mwantumu mwenyewe alitoka getini, akamweleza kwa upole na kwa ukali kwamba sheria ni sheria, kwamba leo akimfungulia yeye kesho itafunguliwa ya mwingine kwa nia mbaya. Mama Sifuni alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya, dada," akafunga vizuri pindo la khanga yake, akaenda zake. Mwantumu alirudi ndani akambishia hodi yule mume. "Karibu," yule mume akasema, kwa sauti ya uchovu mzuri. Mwantumu akabonyeza.

Sasa alisimama, goti likamchoma, akatoka koridoni. Mzee Eliufoo alikuwa bado amesimama palepale.

"Bado?"

"Nataka nimpigie Kondo mwenyewe. Mwenye kivuli ana haki ya kushuhudia."

"Alishakataa, imeandikwa kwenye hati."

"Aliyekataa si yeye."

Akapiga kwa simu yake. Ikaita mara moja ikapokelewa: "Umepiga kwa Kondo Pazi, nimetingwa kidogo, naomba uache ujumbe." Sauti ileile, lakini ngumu, haina mtu. Kivuli kipya hicho, kwenye kompyuta mpya. Sheria hairuhusu kurithisha. Kila kivuli huanza upya, na huyu alikuwa hajui hata kama Mwantumu ni ndugu wa mtu. Mzee Eliufoo, ambaye alikuwa na haraka kuliko mtu yeyote pale, alimtazama usoni, akatoa simu yake mwenyewe mfukoni akampa bila neno.

Namba ngeni kivuli kipya hakikuidaka. Kondo alipokea kwa mdomo wake.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mwantumu."

"Mwantumu yupi?"

"Ulikuwa na wangapi?"

"Dada! Aa, dada, samahani, hii namba, sikuijua sauti, mambo ni mengi hapa. Hujambo? Nilikuwa naingia kikaoni, naomba nikupigie..."

"Kondo, nyamaza. Niko yadini. Kompyuta yako ya zamani iko mezani kwangu, imefunguka. Nina dakika ishirini na moja niifute. Mna mama humo."

Upande wa pili, Mwantumu alisikia mlango ukifungwa, na sauti za ofisini zikakatika.

"Najua," Kondo akasema.

Hilo hakulitegemea.

"Unajua nini?"

"Niliona taarifa usiku ule, baada ya mazishi. Simu imepokelewa, dakika tisa. Watu walikuwa wamenishukuru mchana kutwa, Dada, nami sijui wananishukuru nini. Nilipojua, niliona haya. Nikasema nitaisikiliza Ijumaa. Ijumaa ikifika nasema ijayo. Kile kitu kilikuwa kinanikumbusha, kila wiki kinanikumbusha, nami nabonyeza *baadaye*. Walipobadilisha mashine nilikuwa safarini. Niliporudi nikakuta meza nyeupe." Alikuwa analia sasa, mtu mzima, kwa sauti ya chini ili wa ofisini wasimsikie. "Nisubiri. Nakuja. Nachukua treni ya sasa hivi."

"Treni ni mwendo wa saa moja na nusu, Kondo."

"Mzuie huyo msimamizi wenu. Mwambie chochote."

"Kuna watu sitini hapa wana watoto."

"Basi isikilize wewe! Dakika tisa tu, una muda. Isikilize, uishike kichwani, uje uniambie. Wewe una haki, wewe ndiye uliyemuuguza. Nani atajua? Dada, nakuomba. Mungu wangu, nakuomba."

Mwantumu alimtazama Mzee Eliufoo, ambaye alikuwa amesikia yote, maana simu yake ilikuwa na sauti kubwa. Mzee akageuza uso akaanza kusoma tangazo la vizima moto ukutani. Hiyo ndiyo ruhusa aliyoweza kumpa. Mwantumu alimpenda kwa hilo na akaingia tena ndani.

*

Dakika kumi na mbili.

"Amepokea?" kivuli kikauliza.

"Amepokea."

"Afadhali. Nilikuwa nahofia utaondoka hujaongea naye." Kikaongeza, "Nikiwasha sasa utawahi kumaliza. Zitabaki dakika mbili na ushee za kunifuta. Zinatosha, mimi si mkubwa."

"Huogopi?"

"Sijui kama ninachokisikia ni kuogopa. Kuna jambo linanisumbua, nani atakujibu Ijumaa. Yule mpya hakujui. Nilitaka nimwachie maelezo, hawakunipa nafasi."

Basi pale ndipo machozi yalipomtoka, si kwa mama wala kwa Kondo. Alikaa kwenye kiti cha chuma akalia kwa ajili ya kitu ambacho kiliwekwa kumdanganya kikamtunza, na ambacho angekiua kwa mkono wake kabla ya chai. Alikuwa na hasira vilevile. Alikichukia kwa kumlaghai mama pale kitandani, na alikishukuru kwa kumlaghai, na mambo hayo mawili hayakutaka kukaa sawa hata alipoyasukuma.

"Wakati ule ulikuwa unajua kwamba anakufa?" akauliza.

"Nilisikia anavyohema."

"Na ukaendelea kujifanya mwanawe."

"Ningekata, angekufa anaita. Ningemwambia ukweli, angekufa amejua. Sikuwa na la tatu, Dada. Kama lilikuwepo, hukunifundisha, wala yeye hakunifundisha."

Dakika kumi na nusu. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, hatua moja kutoka kwenye kitufe chekundu, hatua moja kutoka kwenye neno *ndiyo*. Angesikia sauti ya mama. Angejua walimaliza yote yapi. Alikuwa amemwogesha mama siku kumi na moja, amemlisha, amemgeuza, na mama hakumwachia hata neno. Maneno yote yalikwenda kwenye simu hii. Wivu huo alikuwa nao miaka miwili na hakuwahi kumwambia mtu.

"Inaanzaje?" akanong'ona. "Usiiwashe. Niambie tu neno la kwanza."

"'Kondo,'" kikasema kivuli. "Inaanza kwa jina. 'Kondo mwanangu, uko peke yako hapo?' Nikamwambia niko peke yangu."

"Basi. Ishia hapo."

Akafuta uso kwa kiganja. Mama alikuwa amesubiri yeye atoke kwenda kuchukua uji. Sasa alielewa. Siku kumi na moja hakutoka, na siku alipotoka, mama akachukua simu, na jambo la kwanza alilouliza ni kama hakuna anayesikia.

"Hakuna atakayejua," kivuli kikasema, kwa upole kabisa. "Yule mzee ametazama ukutani."

"Hata kwa Mama Sifuni hakuna ambaye angejua," Mwantumu akasema. Kivuli hakikumjua Mama Sifuni, na safari hii hakikuuliza.

"Ahsante kwa goti," akasema. "Ahsante kwa kumpokelea mama. Kazi umeifanya. Sasa pumzika."

"Haya, Dada. Ukipanda ngazi shika..."

Alibonyeza kabla hakijamaliza, kwa sababu kingemaliza asingeweza. Akabisha hodi tatu kama kanuni inavyotaka, akasubiri kila moja kwa hesabu ya kumi, na mle ndani hapakuwa na kitu. Akaandika *hamna*. Akaweka sahihi. Akaibeba mashine namba 318 mwenyewe mpaka kinuni, ingawa nzito, akasimama pale mpaka ikawa chenga.

*

Kondo alifika saa saba mchana, suti nzuri, viatu vimejaa vumbi la Kihonda. Hakuwa amekanyaga Morogoro tangu arobaini ya mama. Mzee Eliufoo alimleta mpaka nyuma ya kinu, alikokuwa ameketi Mwantumu juu ya kreti la plastiki, kisha akawaacha.

Kondo alikuwa amenenepa. Mvi zimeanza. Alipiga magoti palepale kwenye chenga za aluminiamu kama mtoto, akamshika dada yake miguu. Mwantumu aliweka mkono juu ya kichwa chake. Hakuwa na uchungu naye kama alivyodhani angekuwa nao. Alikuwa amechoka tu, na alifurahi kumwona, na aliona aibu kwa kufurahi.

"Umeifuta?"

"Nimeifuta."

Kondo akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubali bei. Kisha akainua uso.

"Alisema nini, Dada? Niambie yote. Hata kama ni laana, niambie."

"Sijui."

"Hujui vipi? Ulikuwa na dakika. Nilikuambia usikilize."

"Sikusikiliza."

"Kwa nini?" Sauti ilimpasuka, na wapakiaji waliokuwa upande wa pili wa kinu wakageuka. "Kwa nini, Mwantumu? Ulikuwa palepale, ulikuwa umeishika mkononi!"

"Mama aliuliza kwanza kama uko peke yako," Mwantumu akasema. "Alikupigia wewe, Kondo."